"Bright", "clever", "sharp" au "shrewd"? Barua ya mwanafunzi wangu imekwama hapa

Mwalimu_Rungwe

Wanajukwaa, habari za jioni. Nafundisha Kiingereza kidato cha tano na sita huku Rungwe. Binti mmoja aliyemaliza kwetu, kombi ya EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati), anaomba vyuo viwili, kimoja Uingereza na kingine Marekani, na kaniomba nimwandikie barua ya mapendekezo. Barua imekamilika isipokuwa pale pa kueleza kichwa chake. Kwa Kiswahili ningesema "ana akili kali" nikapiga sahihi. Kiingereza kinanimwagia "bright", "clever", "smart", "sharp", "intelligent", "astute", "shrewd", na kamusi ndogo ya shuleni inayatafsiri yote kama ni kitu kimoja.

Msinijibu hewani, huyu binti yuko hivi. Shule ilikuwa inanunua viazi kwa gunia la lumbesa, lile linalojazwa mpaka linashonewa wavu juu. Kwenye mdahalo akasimama kuuliza mbona darasani tunafundishwa kilo na stoo tunapokea kwa gunia. Hakuishia kuuliza. Alikuwa amepima magunia kadhaa mwenyewe, akaja na karatasi ya hesabu inayoonyesha mkulima anavyopunjwa, na mpishi anavyoshindwa kupanga chakula kwa sababu hakuna magunia mawili yenye uzito mmoja.

Mimi naelekea kwenye "shrewd", naona lina uzito wa kikubwa. Nipingeni.

KipangaMstaafu

Shikamoo mwalimu. Naanza na kupunguza orodha. "Smart" toa. Kwa Mmarekani ni akili moja kwa moja, hana swali. Kwa Mwingereza wa kawaida, hasa wa umri mkubwa, "a smart girl" inagusa mavazi kwanza, na hapo ndipo sisi tulipolitoa neno "smati". Mtu wa Mbeya akikwambia umependeza leo, uko smati, hajasema lolote kuhusu hesabu zako. Barua moja inayosomwa na watu wa pande zote mbili haihitaji neno la namna hiyo.

Kwa wapenda asili ya maneno: zamani "smart" ilikuwa kuwasha au kuchoma, na bado wanasema macho yana-"smart" mtu akikata vitunguu. Ukali wa akili umetokana na ukali wa maumivu. Sisi tunasema akili kali na pilipili kali, kwa hiyo hatuwezi kuwacheka.

Dalali_Mwanjelwa

Mwalimu nakuunga mkono, "shrewd" libaki. Hapa sokoni mtu anayejua gari la viazi kutoka Uporoto litaingia saa ngapi, nani ana haraka ya kuuza na nani anajifanya, huyo ndiyo mwenye kichwa. Wazungu wanamwita "shrewd" na wanamheshimu. Mimi nikiitwa hivyo nachinja kuku.

MamaChai_Mufindi

Dalali, wewe unajisifia kazi yako, mwalimu anaombea mtoto chuo 😄

Nitie neno la kwetu. Nimefanya kazi kwenye chumba cha kuonja chai, na lugha ya waonjaji ni hiyohiyo ya shuleni. Chai ikishamiminwa kwenye vibakuli vyeupe, ile yenye rangi hai, inayong'aa, inaitwa "bright". Iliyofifia inaitwa "dull". Ukienda darasani, mtoto anayeshika haraka ni "bright" na yule mnayemwita kilaza ni "dull". Jozi ni ileile. Ukali wa ulimini kwenye chai tunauita "brisk" na ni sifa, lakini huwezi kumsifia mwanafunzi akili kwa "brisk", maana kwa binadamu neno hilo ni la mwendo na shughuli za harakaharaka.

Wenzetu wa kahawa kule Mbozi nao wana yao. Uchachu mzuri unaochangamsha mdomo wanauita "bright". Uchachu huohuo ukizidi mpaka unakera, unakuwa "sharp". Kwa hiyo mwalimu, kati ya "bright" na "sharp" mimi ningesita kidogo kwenye "sharp". Linasifu, ila lina mwiba ndani.

Halafu "bright" ni neno la vijana. Sijawahi kusikia mzee wa miaka themanini akiitwa "bright". Huyo wanasema bado yuko "sharp", yaani uzee haujagusa kichwa.

Mchungaji_Mstaafu

Amani kwenu. Hili la "shrewd" lina historia yake kanisani, na huku kwetu ambako Wamoravian na Walutheri wamekuwepo tangu 1891 nadhani wengi mtanifuata.

Mathayo 10:16, Biblia yetu ya 1952 inasema "iweni na busara kama nyoka". Kiingereza cha King James, 1611, kinasema "wise as serpents". Fungua NIV, tafsiri ya Kiingereza cha kisasa: "shrewd as snakes". Aya ni moja, nyoka ni yuleyule, sifa imehama. Nadhani watafsiri wa karibuni waliona "wise" ni kubwa mno kwa nyoka, maana "wise" hubeba uadilifu na umri. Rudini Mwanzo 3:1, nyoka wa Edeni kwa Kiswahili ni "mwerevu", na NIV inamwita "crafty", yaani mwenye hila.

Sasa sikiliza ajabu. "Shrewd" katika Kiingereza cha kale kidogo ilikuwa mtu mwovu, mkorofi. Likapanda cheo taratibu mpaka likawa sifa ya mfanyabiashara. "Cunning" lilifanya safari ya kurudi nyuma: asili yake ni kujua, na King James katika Zaburi ya 137 anautaka mkono wake wa kuume usahau "cunning" yake, akimaanisha ufundi wa kupiga kinubi. Leo ukimwandikia mtoto kwamba ni "cunning" umemharibia safari. Maneno haya mawili yalipishana njiani.

Kwa binti huyu, "shrewd" si tusi. Lakini limetoka mbali, na harufu ya kule lilikotoka haijaisha yote.

Dalali_Mwanjelwa

Mchungaji nimekuelewa, lakini mbona "mjanja" nalo lilikuwa baya na sasa kila mtu ana simu janja mfukoni? Mtoto wangu akiitwa mjanja mtaani sikasiriki.

Mtafsiri_Iringa

Kamwene wote. Dalali ameuliza swali zuri kuliko anavyodhani, maana hapo ndipo maneno haya yanapogawanyika. Acheni kuuliza akili ni kubwa kiasi gani. Ulizeni inamfaidi nani.

"Intelligent" na "bright" hayasemi lolote juu ya faida. Yanasema uwezo upo. Tofauti yake ni kwamba "intelligent" ni pana na baridi, unaweza kuliandika hata juu ya mbwa au pomboo, wakati "bright" lina upendo ndani yake, ni neno la mwalimu kwa mwanafunzi. Ukiliandika kwa mtu aliye juu yako linageuka kuwa la kumdogosha. Mjumbe hamwandikii waziri kwamba ni "bright".

Halafu kuna kundi la akili inayomlinda mwenyewe: "shrewd", "astute", "canny". Mtu anasoma hali na watu, anajua wapi atapata na wapi atapoteza. "Canny" ni la Waskoti zaidi, lina uangalifu wa fedha ndani yake. "Astute" ni safi kuliko "shrewd", linakaa vizuri kwa mwanasiasa au mwanasheria, ingawa Kilatini chake nacho kilianzia kwenye hila. Ukivuka mpaka hapo unaingia kwa "cunning", "crafty" na "sly", ambako faida yangu ni hasara yako na sitaki ujue. Hata "sharp" likiwekwa kwenye biashara huvuka: "sharp practice" ni ujanja ulio karibu na wizi.

Kundi la tatu ni akili inayowafaa wengine: "wise", "discerning". Haya hutolewa kwa uchache, na binti wa kidato cha sita akipewa "wise" msomaji atatabasamu tu.

Sasa mtazameni huyu binti. Alipima magunia. Nani alifaidika? Mkulima na mpishi. Yeye hakupata hata kiazi kimoja. Kumwita "shrewd" ni kusema alijua kujipatia, na mwalimu ametueleza kinyume chake. Tatizo langu na hilo neno ni hapo, uzito wake sina ugomvi nao.

"Clever" tulijadili kidogo? Naona limerukwa. Mwingereza hulitumia kwa mtoto bila shida, lakini analo pia "too clever by half", kejeli ya mtu anayejiona. Mmarekani hulipeleka zaidi kwenye mbinu na ubunifu wa papo kwa papo. Kwenye barua ya chuo linaonekana jepesi. Liwekee wazo, usimwekee mtu: "a clever solution" iko sawa kabisa.

Bint_Njombe

Mimi ni mwanafunzi, naombeni kuuliza. Vipi "keen"? Kwenye ripoti yangu mwalimu aliandika "a keen student" nikafurahi nikidhani ananisifia akili.

Mtafsiri_Iringa

Mdogo wangu, alikusifia ari, yaani unapenda kujifunza. "Keen" ni akili pale tu likishika kitu chenye makali: "a keen mind", "a keen eye". Likimshika mwanafunzi moja kwa moja, Mwingereza husikia hamasa. Furaha yako ibaki, ari nayo si haba.

Mwalimu_Rungwe

Ndaga fijo, wakubwa kwa wadogo. "Shrewd" nimelifuta. Swali la nani anafaidika limenimaliza, sikuwa nimelitazama hivyo.

Nafikiria kugawa: binti mwenyewe nimwite "bright", halafu neno la ukali nilipeleke kwenye swali lake la mdahalo. Nimepata "incisive", lenye asili ya kukata mpaka ndani. Yaani "she asks incisive questions", kisha nasimulia magunia. Mnalionaje?

Mtafsiri_Iringa

Hapo umepiga penyewe. "Incisive" hukaa kwa maswali, uchambuzi na maoni kuliko kwa mtu, na halina habari ya kujinufaisha. Ila usiweke "very" mbele yake, linapunguza badala ya kuongeza.

MamaChai_Mufindi

Na "brilliant" usiliguse. Waingereza wanaliita hata basi likiwahi kufika.

KipangaMstaafu

Nyongeza moja mwalimu, kabla hujatuma. Kama kuna mahali umesema njia yake ya kupima ilikuwa ya kibunifu, hakikisha umeandika "ingenious". Ukiteleza ukaandika "ingenuous" umesema ni mtoto asiyejua mambo ya dunia, na kikagua tahajia cha kompyuta hakitakushtua kwa sababu yote mawili ni maneno halali.

Mwalimu_Rungwe

Nimeangalia. Aya ya tatu, lilikuwa na "u". Limeshatoka.