Majibu ya kipimo cha manii: umbo la kawaida asilimia 3 tu, naombeni ushauri

BintiFaza
Asalaam aleikum. Tuko Faza, ndoa yetu ni ya mwaka wa pili na ujauzito haujaingia. Mimi nina miaka 29, mume wangu 34. Majibu yake kutoka maabara ya Amu (mji wa Lamu), tunakofika kwa boti, ni haya: ujazo ml 1.8, mbegu milioni 11 kwa kila ml, zenye mwendo asilimia 35, zinazokwenda mbele asilimia 20, umbo la kawaida asilimia 3. Manii yalitolewa nyumbani, kikombe kikatiwa kwenye boksi la barafu la samaki, na mpaka kufika maabara zilipita saa mbili na zaidi. Hedhi yangu huja kila baada ya siku 32, nasi hujaribu siku ya 14. Je, umbo hilo lina maana mtoto atakuwa na kasoro? Na rafiki yake anamwambia achome sindano za homoni ya kiume. Achome?

MaabaraMalindi
Wa aleikum salaam dada. Sindano asichome kabisa. Homoni ya kiume ikiingizwa mwilini kutoka nje, ubongo huona imetosha na kuacha kuziamrisha korodani zifanye kazi. Mbegu hupungua, mara nyingine hufika sifuri, na kurudi kwake huchukua miezi.

Sasa majibu. Viwango vya chini vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2021 ni ujazo ml 1.4, milioni 16 kwa ml, jumla milioni 39, mwendo wote asilimia 42, wa kwenda mbele 30, umbo la kawaida 4. Hiyo 4 isomeni vizuri: hata mwanamume mwenye watoto, mbegu zake nyingi huwa na umbo lisilo la kawaida.

Mwendo wa asilimia 35 siutegemei. Barafu hudhuru utando wa mbegu na kuukunja mkia, na baada ya saa moja mwendo hushuka wenyewe. Lakini idadi haipunguzwi na safari ya boti. 1.8 mara 11 ni milioni 19.8, nusu ya kiwango, na hilo lina sababu nyingine. Je, kikombe kilipokea manii yote? Tone la kwanza ndilo lenye mbegu nyingi zaidi. Likimwagika, hesabu yote huharibika.

Rudieni hivi. Ajizuie siku 2 hadi 7, si zaidi. Mlale Amu usiku wa kuamkia kipimo, karibu na maabara, ili kikombe kifike ndani ya nusu saa, kisizidi saa moja. Kikombe kitoke maabara kwenyewe. Mate, sabuni, mafuta na kondomu ya kawaida vyote hudhuru mbegu. Asipopenda kujitoa mwenyewe, wewe mkewe unaweza kumsaidia kwa mkono mkavu. Au ulizieni kondomu maalumu ya kipimo isiyo na dawa. Kumwaga nje katikati ya tendo hapana, tone la kwanza hupotea. Andikeni saa ya kutoka, kisha kikombe akibebe ndani ya shati, kikigusa mwili. Barafu isikaribie.

MwalimuBayolojia
Kuhusu kasoro kwa mtoto: umbo halisomi kilichomo ndani. Mbegu ina urefu wa karibu milimita 0.05. Kichwani kuna kiini chenye kromosomu 23, na juu yake kofia ya vimeng'enya, akrosomu, ya kulainishia ganda la yai. Nyuma ya kichwa ni shingo, kisha sehemu ya kati iliyozungukwa na mitokondria zinazotoa nguvu, halafu mkia. Mkia ukijikunja, mbegu haifiki. Akrosomu ikikosekana, haipenyi. Nyingi za namna hiyo huchujwa na ute wa mlango wa kizazi kabla ya kufika kwenye mrija. Kwa hiyo umbo baya hupunguza nafasi ya kushika mimba, halimletei mtoto kilema.

Yai nalo lina upana wa karibu milimita 0.1, na ndilo litakalomlisha kiinitete siku za mwanzo. Mitokondria za mtoto hutoka kwa mama. Mbegu moja ikishaingia, vifuko vilivyo chini ya utando wa yai hupasuka na kulifanya ganda liwe gumu, nyingine zisipite. Mbegu mbili zikiingia, kromosomu huzidi na mimba haiendelei.

MkungaPwani
Mwanangu, kosa kubwa ninaloliona ni siku ya 14. Yai hupevuka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, si baada ya iliyopita. Kwako ni karibu siku ya 18. Yai huishi saa 12 hadi 24, mbegu huweza kukaa ndani yako hadi siku tano, na zinahitaji saa kadhaa mwilini mwako kabla ya kuweza kupenya. Basi mbegu zitangulie: kutaneni kila siku au mkiruka siku moja, kuanzia siku ya 12 mpaka ya 18. Ute ukiwa mwepesi, unaovutika kama ute wa yai la kuku, usingoje.

Wewe pia upimwe. Kipimo cha projesteroni, homoni inayopanda baada ya yai kupevuka, watu huandikiwa siku ya 21. Kwako kifanywe siku ya 25, yaani siku saba kabla ya hedhi, la sivyo kitakuambia hujapevusha yai kumbe umepevusha. Na kipimo cha mirija ya uzazi, kuona kama iko wazi, usikiruke.

BintiFaza
Shukrani nyingi. Tone la kwanza lilimwagika kweli. Na yeye kazi yake ni tanuri ya mkate, alfajiri mpaka saa tano. Joto linadhuru?

MaabaraMalindi
Linaweza. Korodani zinataka joto la chini ya mwili kwa nyuzi 2 hadi 4, ndiyo maana zikawekwa nje. Asimame mbali na mdomo wa tanuri kila anapoweza, avae kikoi badala ya suruali ya kubana, na sigara aache. Ila msitarajie mabadiliko wiki hii: mbegu huchukua karibu miezi mitatu tangu kuanza kuumbwa mpaka kutoka, na homa kali ya mwezi uliopita huonekana kwenye kipimo cha leo.

Kipimo cha marudio mfanye baada ya wiki tatu au nne, kwa kuwa cha kwanza kilimwagika. Kikibaki chini, daktari amkague akiwa amesimama, atafute mishipa iliyovimba juu ya korodani, hasa ya kushoto, kisha apimwe FSH, homoni inayoziamrisha korodani zitengeneze mbegu, na testosteroni, yaani homoni ya kiume, asubuhi.