Treni nzito za makaa ya mawe: ziwekewe nyaya za umeme au vichwa vya dizeli vinatosha?

Wakuu, habari zenu. Kila ukianza ubishi wa reli kuna kundi linasema dizeli imepitwa na wakati, reli ya maana lazima iwe na nyaya juu, na kundi la pili linasema umeme ni wa treni za abiria, mzigo mzito uachieni dizeli. Mimi kwenye makaa ya mawe nipo upande wa dizeli, ila sababu zangu sio hizo.

Kwanza tuwekane sawa, kichwa cha dizeli cha siku hizi nacho kinavuta kwa umeme. Injini ya dizeli haigusi gurudumu hata kidogo, inazungusha altaneta (mashine ya kuzalisha umeme), umeme unaenda kwenye mota zilizofungwa kwenye ekseli, mara nyingi ekseli sita, na hizo mota ndo zinavuta. Kwa hiyo tunachobishania ni umeme utoke wapi, uzalishwe humohumo ndani ya kichwa au uletwe na waya toka mbali. Basi.

Sasa watu wakitaka kukusifia kichwa wanakutajia nguvu za farasi. Kwenye makaa hiyo namba inadanganya sana. Treni za Powder River Basin, eneo la migodi ya makaa kule Wyoming, Marekani, zinakuwa na mabehewa zaidi ya 100, kila behewa likijaa linafika kama tani 130, na kwenye mlima swali ni moja tu, magurudumu yanashika reli au yanateleza. Mwaka 1993 kampuni ya Burlington Northern iliagiza vichwa 350 vya dizeli vya SD70MAC vyenye mota za AC (umeme unaogeuka mwelekeo, sio DC wa mwelekeo mmoja wa vichwa vya zamani), na kwenye treni za makaa vichwa vitatu vya aina hiyo vikachukua kazi ya vichwa vitano vya zamani vya SD40-2, vyenye mota za DC. Pigeni hesabu wenyewe: SD40-2 ina nguvu za farasi 3,000, tano ni 15,000, SD70MAC ina 4,000, tatu ni 12,000. Nguvu zimepungua na mzigo umeenda vilevile! Siri ni kwamba mota ya AC haina brashi, kompyuta inafuatilia magurudumu yanavyozunguka, yakianza tu kuteleza inapunguza umeme kidogo na kurudisha hapohapo, na kichwa kinaweza kuburuza mzigo mlimani kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa muda mrefu bila mota kuungua. Mota za DC ukizibana kwenye mwendo mdogo hivyo zinakupa dakika chache tu halafu zinachemka.

Halafu vichwa havikai vyote mbele, vingine vinawekwa katikati au nyuma, dereva wa mbele anaviongoza kwa redio, maana treni ndefu hivyo ukiivuta yote kwa mbele unakata viungio vya mabehewa.

Wale wa umeme nao wana hoja, tena moja ni nzito kuliko wanavyojua wenyewe. Makaa mara nyingi yanatoka nyanda za juu yanashuka baharini, yaani treni inashuka imejaa na inapanda tupu. Ikishuka mota zinageuka kuwa jenereta na kusaidia breki, sasa kwenye kichwa cha dizeli umeme wote huo unachomwa kwenye rizista na joto linapulizwa nje, bure kabisa, wakati kwenye reli ya nyaya unaweza kurudishwa ukamvuta mwenzako anayepanda. Hapo dizeli haina la kusema. Na wale wa "umeme ni wa abiria" wakaiangalie reli ya Daqin kule China, kilomita 653, imeshapitisha zaidi ya tani milioni 400 kwa mwaka mmoja, yote chini ya nyaya.

Sasa mbona bado nipo na dizeli? Kwa sababu waya hauhami. Kule Arizona kulikuwa na reli ya Black Mesa and Lake Powell, ya umeme wa kilovolti 50, ilianza 1973, kazi yake kupeleka makaa kwenye mtambo mmoja tu wa kuzalisha umeme, Navajo Generating Station. 2019 mtambo ukafungwa na reli ikafa nao. Kichwa cha dizeli mgodi ukifungwa unakiwasha unaondoka nacho, kesho kinavuta nafaka au makontena kwenye reli nyingine. Na makaa ya Marekani toka 2008 yameshuka mpaka karibu nusu, kwa hiyo kufungwa kwa mtambo ni jambo la kutegemea kabisa.

Najua mtakachonijibu, ngoja nianze.

"Dizeli inachafua hewa." Ni kweli, na reli za Marekani zimecheza mchezo mbaya hapo: sheria ya moshi ya Tier 4 ilipoanza 2015 kwa vichwa vipya, wengi wakakimbilia kukarabati vya zamani, wanavitoa kwenye DC wanavipeleka AC, vinapata mshiko mpya kwenye reli ila moshi hawabanwi kama cha kipya. Hilo sitalitetea. Ila na nyie mniambie, nyaya zikilishwa na mtambo wa makaa moshi umeisha au umehamishwa tu?

"Afrika Kusini mbona reli yao ya makaa ya Richards Bay ni ya umeme?" Ndiyo, na ni kazi ya uhandisi ya kuheshimika, treni za mabehewa 200. Lakini mauzo ya nje kupitia bandari hiyo yalitoka zaidi ya tani milioni 76 mwaka 2017 yakafika kama 47 mwaka 2023, na wizi wa nyaya za shaba ni sababu mojawapo, pamoja na vichwa kukosa vipuri. Uhaba wa vichwa ungewakuta hata wangekuwa na dizeli, hilo nakubali, ila dizeli haisimami kwa sababu mtu kakata waya usiku.

"Na Daqin?" Daqin nakubali moja kwa moja. Reli yenye mzigo wa namna ile nyaya zinajilipa. Ninachobishia ni reli ya makaa yenye treni chache kwa siku, mgodi mmoja na mkataba wa miaka ishirini, halafu mtu anataka hela ya umma ijenge nguzo, nyaya na vituo vya kupozea umeme njia nzima. Anayetetea hilo atuambie mwaka wa ishirini na moja deni lililobaki analipa nani, kampuni ya mgodi au mlipa kodi?