Mvua ya jioni Kisumu, kipima mvua changu kiko sawa kweli?

WaKondele: Wadau, Aprili yote nimekuwa nikiandika mvua hapa kwangu, asubuhi jua kali, ikifika saa kumi jioni wingu jeusi linapanda upande wa milima ya Nandi, radi, mvua kubwa, na wakati huohuo rafiki yangu wa Dunga, kule ufukweni mwa Ziwa Victoria, anasema kwake hata vumbi halijalowa. Kipima mvua kimeharibika ama?

Baba Ahero: Hakijaharibika ndugu. Mchana nchi kavu inashika joto haraka kuliko ziwa, upepo unaingia kutoka ziwani unakutana na ule wa mashariki unaoshuka milimani, hewa inasukumwa juu, ndio hiyo radi. Usiku upepo unageuka, radi inahamia ziwani, uliza wavuvi.

Nyakach1: Umekiweka wapi lakini? Kikiwa karibu na mabati ama mwembe hizo namba achana nazo kabisa. Kikae mbali na kizuizi angalau mara mbili ya urefu wa hicho kizuizi, na usome saa tatu asubuhi kila siku kama vituo vya serikali.

WaKondele: Kiko mahali wazi, ila nasoma nikitoka kazini jioni. Kesho naanza saa tatu, na huyu wa Dunga namtafutia chake tulinganishe Mei. Asanteni sana.