Mrejesho: Mamangu aliyeumwa na nyoka

Ahsanteni sana. Wiki jana niliwauliza nifanyeje, mamangu kaumwa na nyoka mguuni akiokota makuti uani, hapa Kisauni. Jirani alikuwa ashatoa wembe amchanje, mwengine kashika kamba aukaze mguu sumu isipande. Nikawakataza wote, kama mlivyoniambia. Kikuku tulimvua mapema, na heri tulimvua: nusu saa baadaye kifundo kilikuwa kimefura, ngozi inang'aa. Tukaufunga mguu kwa ubao na leso usitikisike, tukambeba hadi kwenye tuktuk, hakukanyaga chini hata hatua moja. Daktari alisema dalili ni za kuumwa na moma, nyoka mwenye sumu kali, na mamangu akatundikiwa dawa ya kupinga sumu. Jana karudi nyumbani, alhamdulillahi. Makuti nimeyaondoa yote, na tochi mpya iko mlangoni pamoja na viatu vyake.