Jukwaani nasifiwa, mbele ya kamera naambiwa napiga kelele: nijifunze wapi?

Binti wa Katuba

Ndugu zangu, nawasalimu kutoka Lubumbashi. Kwa miaka 6 nimekuwa nikiigiza katika kundi la michezo ya kuigiza la parokia yetu hapa Katuba, na bila kujisifu naweza kusema kwamba watu wa viti vya nyuma hawajawahi kulalamika kuwa hawanisikii. Mwezi uliopita niliitwa kufanya jaribio la mchezo mfupi wa televisheni, katika nafasi ya mke wa mchimbaji anayerudi nyumbani bila mshahara. Mwongozaji alinisimamisha mara 4. Kwanza alisema ninapiga kelele, kisha akasema macho yangu yanakimbia, mara ya tatu akasema nimebadilisha mkono uliokuwa umeshika sufuria, na mara ya nne hakusema kitu, alinishukuru tu akamwita mwingine. Nilipoonyeshwa picha kwenye kioo kidogo cha kamera niliona aibu, kwa sababu yule mwanamke hakuwa analia, alikuwa anawaonyesha watu jinsi kilio kinavyofanywa.

Naomba kuuliza mambo mawili. Je, ni lazima niende Kinshasa, kwenye Institut National des Arts, ili nijifunze kazi hii ipasavyo, ilhali nauli ya ndege peke yake inazidi uwezo wa nyumbani? Na nisipoweza kwenda, ninaweza kujifunza nini hapahapa, nikiwa na simu moja yenye kamera na wenzangu wa parokia?

Papa wa Kamalondo

Binti yangu, mlango wa Kinshasa ukikufungukia, pita, kwa maana miaka ya shule haimharibii mwigizaji. Lakini usikae ukiungoja, kana kwamba mji huu haujawahi kuwa na watu wa kazi hiyo. Sisi tuliokulia hapa tuliiona kwa Mufwankolo na kundi lake, ambao michezo yao ilikuwa ikipita kwenye televisheni ya hapa kwa Swahili yetu ya kila siku. Hawakuwa wakikariri maandishi. Walikubaliana juu ya kisa, mpangilio wa matukio na nani anaingia lini, kisha maneno yakazaliwa katika mazoezi. Mwaka 1986 mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliwauliza maana ya msemo kwamba madaraka huliwa mazima, nao, badala ya kumjibu kwa mdomo, wakautungia mchezo, wakaufanyia mazoezi mbele yake, na hatimaye ukapigwa picha kijijini Kawama, nje ya mji.

Nakusimulia haya kwa sababu mtu asiye na maandishi ya kukariri hana budi kumsikiliza mwenzake, maana jibu lake linatoka katika yale aliyoambiwa sasa hivi. Nahisi wewe ulikuwa umeyakariri maneno yako yote, na mume alipokuwa akisema, ulikuwa unangoja tu zamu yako ifike.

Halafu, uliigiza kwa lugha gani? Mke wa mchimbaji pale Katuba, mbele ya sufuria yake, haongei kama msoma habari. Mimi ninayekuandikia hapa kwa Swahili bora, nyumbani mama watoto akinisikia naongea hivi atadhani nina homa. Ukilazimishwa kusema Kifaransa au Swahili ya kitabu mahali ambapo mhusika hangeisema, shingo na mabega hukakamaa kabla ya ulimi, na kamera huyaona mabega.

Mhariri wa picha, Bukavu

Dada, mimi si mwigizaji. Kazi yangu ni kuunganisha vipande ninyi mkishakwenda nyumbani, kwa hiyo nitasema yale ninayoyaona nikiwa peke yangu mbele ya kompyuta.

Tuanze na kelele. Ukumbini, mtazamaji wako wa mwisho ameketi mita 20 mbele yako, lakini katika televisheni sikio lake ni kile kinasa sauti kilichobandikwa kwenye nguo yako au kinachoning'inia juu ya kichwa chako. Sauti iliyozidi kipimo hunaswa ikiwa imepasuka, na mimi siwezi kuishona hata nikiipunguza. Hilo halina maana kwamba unong'one. Sema na mume wako kwa sauti ambayo ungeitumia kama kweli amesimama mlangoni na watoto wamelala chumba cha pili.

Macho yana habari ndefu zaidi. Katika picha ya karibu kabisa uso wako unajaza kioo chote, kwa hiyo mboni ikihama kidogo tu, mtazamaji anaona mtu asiyeaminika au mwenye kutafuta maneno. Michael Caine, mwigizaji wa Uingereza, alipowafundisha waigizaji katika televisheni ya BBC mwaka 1987, aliwashauri wachague jicho moja la mwenzao, lile lililo karibu na kamera, na kulitazama hilohilo bila kuhamahama. Ukijaribu leo utashangaa jinsi tunavyorukaruka kati ya macho mawili ya mtu bila kujua.

Kuhusu kilio, yapata miaka 100 iliyopita huko Urusi, mwongozaji wa filamu Lev Kuleshov alichukua picha ya mwigizaji Ivan Mozzhukhin, uso umetulia, haucheki wala haulii. Picha hiyohiyo akaiunganisha mara na bakuli la supu, mara na maiti ndani ya jeneza, mara na mwanamke. Inasimuliwa kwamba watazamaji walimsifu sana yule bwana kwa jinsi alivyoonyesha njaa, kisha msiba, kisha tamaa, na uso ulikuwa mmoja. Mimi nikiwa na picha ya mkono wa mumeo unaotoka mfukoni mtupu, kisha uso wako unaoutazama mkono huo, huzuni wataileta watazamaji wenyewe. Ukiwa umekwisha kulia kabla ya kuuona mkono, hujawaachia kazi yoyote, na mimi hujaniachia kipande cha kutumia.

Hapo kwenye sufuria sikubaliani sana na Papa. Kusikiliza, ndiyo. Lakini kwa kamera moja, tukio moja hupigwa mara nyingi: kwanza kwa mbali, kisha uso wako, kisha uso wa mume, na kati ya kipande na kipande taa huhamishwa, pengine saa nzima. Kama maneno yanabadilika kila mara, na sufuria ilikuwa mkono wa kulia sasa iko wa kushoto, nikiunganisha itaonekana imeruka yenyewe. Kazi ya kuhakikisha kila kitu kinafanana kati ya kipande na kipande, wapiga picha wetu huiita rakori, na kwa kawaida kuna mtu wa kuyaandika hayo, ila katika kazi zetu ndogo mtu huyo ni wewe mwenyewe.

Mkaaji wa Ruashi

Neno moja tu, nje kidogo ya swali: ukiwa unatafuta nafasi, mtu yeyote akikuomba pesa ili aandike jina lako kwenye orodha ya waigizaji, ondoka. Mdogo wangu alilipa, na orodha hiyo hatujaiona mpaka leo.

Yaya wa Goma

Mdogo wangu, hapa Goma vijana wengi walishika kamera kwa mara ya kwanza katika mafunzo ya Yole!Africa, kituo cha utamaduni cha hapa, na huko kwenu ningeanza kwa kuuliza Halle de l'Étoile, yaani Institut français ya Lubumbashi, kama kuna warsha. Wakati unangoja, nyumbani kuna zoezi la mwalimu wa uigizaji Mmarekani Sanford Meisner ambalo halihitaji hata franka moja. Watu wawili wanaketi wakitazamana. Mmoja anasema kitu anachokiona kwa mwenzake, kwa mfano "umekunja uso", na mwenzake anarudia "nimekunja uso", wanaendelea hivyo hivyo mpaka mmoja aone kitu kipya. Dakika 2 za mwanzo ni upuuzi mtupu, mtacheka sana. Baadaye kicheko kinaisha na sauti zinaanza kubadilika zenyewe kwa kufuata kile kinachotokea mbele yako. Jirekodini, kisha tazameni bila sauti, kwa sababu sauti nzuri huficha uso wa uongo.

Na kabla ya kujiuliza utalia vipi, jiulize lile ambalo mwongozaji Stanislavski aliwauliza waigizaji wake kule Moscow: mhusika anataka nini sasa hivi? Mke huyu labda hataki kulia kabisa. Labda anataka mumewe ale kwanza ndipo amwulize habari za pesa.

Binti wa Katuba

Papa, Yaya, na ninyi wote, asanteni. Ijumaa na Jumamosi tulifanya zoezi la kurudia maneno uani kwetu, mimi na binamu yangu, simu ikiwa imeegemezwa juu ya gunia la makaa. Siku ya kwanza hakuna kilichofaa, na jenereta ya jirani ilimeza yote. Siku ya pili nilimpa chakula bila kumwuliza kitu, kama Yaya alivyosema, naye akashindwa kuninyanyulia macho, na nilipotazama baadaye bila sauti niliona kidevu changu kimetetemeka mahali ambapo sikukusudia.

Shida iliyobaki ni rakori. Nikikumbuka mkono namsahau mume, nikimkumbuka mume nausahau mkono.

Mhariri wa picha, Bukavu

Dada, usishike sufuria tupu. Songa bukari, yaani ugali, ya kweli, juu ya moto wa kweli. Mkono wa mwiko hautabadilika, kwa sababu tangu utoto hujawahi kusonga kwa ule mwingine, na mume atapata akili yako yote. Waambie tu wanunue unga wa kutosha, maana kipande kikirudiwa, bukari iliyokwisha kuiva hairudi kuwa uji.