Tveitt, Sæverud au Valen: nina saa moja tu, nimchukue nani?

SolfaMoshi (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za majukumu. Mimi husimamia kikao cha kusikiliza muziki kwa vijana wa kwaya yetu hapa Moshi, wale wanaojifunza piano na kusoma nota. Mwezi uliopita tulimsikiliza Grieg, yule mtunzi wa Norway, hasa ule muziki wa tamthilia ya Peer Gynt, wakampenda kupita kiasi. Swali likaja hapo hapo: baada ya Grieg, Norway ilikuwa na nani? Jamaa alifariki 1907, na wengi wetu tunaishia kwake.

Nimechimba nikabaki na watatu wa karne ya 20.

Geirr Tveitt (1908–1981): alizaliwa mji wa Bergen, asili yake Hardanger, eneo la mashambani la Norway, akasoma Leipzig kisha akapitia Paris na Vienna. Nyimbo za wakulima, baleti, konseto za piano (yaani piano mbele, okestra ikimsindikiza). Mwaka 1970 nyumba yake ya shambani kule Norheimsund iliungua, na inakadiriwa kazi zake nne katika kila tano ziliteketea.

Harald Sæverud (1897–1992): mtu wa Bergen tangu kuzaliwa hadi kufa. Simfoni tisa, vipande vifupi vingi vya piano, na muziki wa kuwapinga Wajerumani wakati wa vita.

Fartein Valen (1887–1952): mkimya, mcha Mungu, mpenda mawaridi, na muziki wake ndio mgumu kuliko wa wenzake wote.

Nina saa moja, spika moja, na piano ya kanisa. Nataka mtunzi mmoja, sitaki kuwachanganya. Moyo wangu uko kwa Tveitt kwa sababu ya ule moto. Kwa kisa kile hasinzii mtu. Mnasemaje?

Mvua_ya_Bergen

Sæverud, bila kuzunguka.

Naishi Bergen, na nyumba yake ya Siljustøl iko kusini mwa mji. Ilikamilika 1939: mawe yasiyochongwa, mbao nene, na msitu na majabali kila upande. Fedha zilitoka upande wa mkewe, Marie Hvoslef, na bwana akapata mahali pa kutungia bila kusumbuliwa na mtu. Kaburi lake liko hapo hapo kwenye eneo la nyumba. Siku hizi ni makumbusho. Mtoto wao, Ketil Hvoslef, naye ni mtunzi. Alichukua jina la ukoo wa mama yake.

Ukifika pale unaelewa kwa nini vipande vyake vya piano havina marembo. Kuna mfululizo mzima wa vipande unaoitwa Slåtter og stev fra Siljustøl, na ndani yake kuna kipande kiitwacho Kjempeviseslåtten, cha mwaka 1943. Norway ilikuwa imekaliwa na Wajerumani tangu Aprili 1940. Sæverud aliona mabanda ya jeshi lao yamesimamishwa kwenye mandhari anayoipenda, akapandwa na hasira, na hasira ile ndiyo ikawa wimbo. Alikitunuku kwa wapiganaji wakubwa na wadogo wa mapambano ya ndani ya nchi.

Sikiliza kinavyojengwa. Kinaanza chini kwa sauti ndogo, mdundo wa kukanyaga ardhi, na juu yake kiwimbo kifupi ambacho mtoto angekishika mara moja. Kinarudi. Kinarudi tena, sasa kimeongezewa nota za kukwaruza pembeni. Kila kikirudi kimenenepa, mpaka mwisho mikono yote miwili inagonga akodi nzito nzito na piano inaanza kulalamika. Kuna toleo la okestra pia, ila kwa vijana wako tumia la piano.

fidla_Unguja

Mvua, nakuheshimu, lakini kwa Tveitt hapana, tusimpite hivi hivi.

Mimi napiga fidla kwenye kikundi cha taarab, kwa hiyo nitasema ninachokijua. Kule Hardanger wana fidla yao, chini ya nyuzi nne za kawaida zimepitishwa nyingine nne au tano zisizoguswa na upinde. Ukipiga za juu, za chini zinatetema zenyewe na kuitikia. Ndiyo maana fidla moja ya kule inasikika kama wapigaji wawili. Tveitt alichukua chombo hicho cha harusi za vijijini akakisimamisha mbele ya okestra kamili, akakitungia konseto mbili, ya kwanza 1955 na ya pili 1965. Hiyo ya pili inaitwa Tre fjordar, yaani fjodi tatu, zile ghuba nyembamba za bahari kati ya milima, na kila sehemu yake imepewa fjodi moja.

Kazi yenyewe haikuwa rahisi. Fidla ile sauti yake ni ndogo, okestra ikifungua mdomo inaizamisha. Sikiliza alivyopanga: fidla ikiingia, wenzake wanapungua, kinabaki kinubi, filimbi, nyuzi chache zilizoshikiliwa. Fidla ikinyamaza ndipo vyombo vya shaba, tarumbeta na wenzake, vinapanda. Mtu aliyewahi kupanga taarab ataona kwamba huyu bwana alijua nani anyamaze na wakati gani.

Halafu kuna zile nyimbo mia za Hardanger alizozipangia okestra, opus 151 (opus ni namba ya kazi ya mtunzi). Alizipanga kwa makundi ya 15. Makundi manne yamesalia, yaani nyimbo 60, na nyingi hazifiki dakika tatu. Kundi la nne ni la harusi, la tano ni la mazimwi. Vijana wa siku hizi na subira yao ile, unataka nini tena?

Kaseti

SolfaMoshi, samahani dada, nitakuwa mkali kidogo. Kumchagua mtunzi kwa sababu nyumba yake iliungua ni kuchagua msiba. Vijana wataondoka wanakumbuka moto, hawatakumbuka hata wimbo mmoja.

La pili, ukimsimulia Tveitt msimulie mzima. Miaka ya 1930 alivutwa na kundi la Hans S. Jacobsen na jarida lao la Ragnarok, watu waliotaka kufufua dini ya kale ya Kinorwei na waliokuwa na mawazo ya kibaguzi yaliyokaa karibu kabisa na Unazi. Baleti yake kubwa Baldurs draumar, ya 1938, imetoka kwenye miungu hiyo hiyo ya kale. Baada ya vita jambo hilo lilimfuata, milango mingi ikawa migumu, na hadi leo Wanorwei wanabishana alizama kiasi gani. Simkatazi mtu kumsikiliza. Nasema kijana mmoja akienda kutafuta mtandaoni usiku ule, asikute habari ambayo mwalimu wake aliifunika.

fidla_Unguja

Hilo la Ragnarok ni kweli na lisemwe. Ila usituambie kwamba muziki wake ni moto mtupu. Nota nyingi zilizosalia zilisalia kwa sababu zilikuwa zimechapishwa, au sehemu za wapigaji zilikuwa zimebaki kwenye maktaba za okestra, au redio ilikuwa imezirekodi. Watu wamekaa miaka wakiunga vipande. Kwangu hicho ndicho kisa, kazi ya kuunga, kuliko usiku wa kuungua wenyewe.

MwlPiano254

Niaje wote. Naona watu wanapigania wasifu na mwenye mada ana piano ya kanisa. Mimi nafunza piano Nairobi, wacha niseme kuhusu mikono.

Sæverud: Rondo amoroso, opus 14 namba 7. Mwanafunzi wa kiwango cha kati anaiweza. Ni wimbo mpole unaorudi rudi, na kila ukirudi kuna kitu kimebadilishwa chini yake. Mwanafunzi anayekimbia ataiharibu mara moja, kwa hivyo ni kipimo kizuri cha masikio. Kjempeviseslåtten ni ngumu zaidi, inataka mkono mzima na bega.

Tveitt: sonata yake ya piano iliyosalia, namba 29, opus 129, wachia wataalamu. Ni ndefu, inachosha vidole, na kuna mahali mpigaji anabonyeza funguo kimya kwa mkono ili nyuzi zilizoachwa wazi ziitikie zenyewe. Yaani ile hekima ya fidla ya Hardanger kaihamishia kwenye piano! Lakini pia kuna opus 150, nyimbo hamsini za Hardanger kwa piano peke yake, na humo ndani kuna kurasa ambazo mtoto mwenye bidii anaziweza. Inasemekana si zote ni za wananchi, nyingine jamaa alizitunga mwenyewe akazitia kwenye kapu. Mimi sina shida na hilo.

Valen: sonata ya pili ya piano, opus 38. Glenn Gould, mpiga piano maarufu wa Kanada, aliirekodi 1972. Hiyo peke yake iwaambie kiwango chake.

Mwambao

Hakuna aliyemtetea Valen, basi nimtetee mimi.

Kwanza, huyu ni jirani. Wazazi wake walikuwa wamisionari, na sehemu ya utoto wake ilipita Madagaska. Alizaliwa Stavanger, akasoma Berlin, kisha miaka na miaka akakaa Valevåg, kijiji cha pwani, pamoja na mama yake na dada yake. Aliwahi kufanya kazi kwenye maktaba ya chuo kikuu Oslo akipanga nota za watu wengine. Mwaka 1935 serikali ikampa posho ya msanii, na 1938 akarudi zake Valevåg kwenye mawaridi yake.

Muziki wake hauna nota ya nyumbani ya kurudia, kama wa Schönberg, mtunzi wa Austria, ila njia aliitafuta mwenyewe akiwa amefunga mlango, kwa kuchambua Bach. Sauti kadhaa zinatembea pamoja na hakuna inayomtumikia mwenzake. Anza na Kirkegården ved havet, opus 20. Alisoma shairi la Paul Valéry kuhusu makaburi ya kando ya bahari, na karibu na kwao Valevåg palikuwa na makaburi ya waliokufa kwa kipindupindu. Kipande kinainuka na kushuka kama dakika kumi hivi, na hakipigi kelele hata pale kinapofika juu.

Konseto yake ya fidla ya 1940 ni kama dakika 13 tu. Aliiandika kwa kumbukumbu ya kijana wa ukoo wake aliyekufa kwa kifua kikuu. Muziki unasota na kusota, na mwishoni inatokea korali, yaani wimbo wa kanisa, ya kale ya Kilutheri, Jesus, meine Zuversicht. Dada, hapo Kilimanjaro Ulutheri uliletwa na wamisheni wa Leipzig. Vijana wa kwaya ya huko wakisikia korali ikitokea ndani ya msitu ule wa sauti, watageuza shingo.

Kaseti

Mwambao, umeandika vizuri kuliko anavyosikika. Nilimweka nikazima baada ya dakika nne.

Mwambao

Mweke tena jioni, bila simu mkononi.

BitiMaker

Mbona hamjamtaja Arne Nordheim (1931–2010)? Huyo alienda Warsaw, kwenye studio ya majaribio ya redio ya Poland, akakata kanda na kuunganisha kabla hatujazaliwa. Kwa maonesho ya Osaka 1970 aliandaa Poly-Poly: kanda zinazozunguka zikiwa na urefu tofauti, kiasi kwamba mchanganyiko ule ule usingejirudia kwa zaidi ya miaka 100. Tangu miaka ya 1980 aliishi Grotten, nyumba ya heshima kando ya kasri la mfalme Oslo. Vijana wanaotengeneza biti kwenye simu watamwelewa huyo haraka kuliko hao wazee wenu.

SolfaMoshi

BitiMaker, asante, huyo nitampa kikao chake. Nikimwingiza sasa saa yangu moja itakwisha kwa kuunganisha waya.

Kaseti, umenichoma lakini umenisaidia. Nimejaribu kuandika utangulizi wa Tveitt usio na moto, nikaona nilikuwa sijamsikiliza vya kutosha. Nabaki kati ya Sæverud na Tveitt. Valen nitawapa ile korali tu, siku nyingine.

Mvua_ya_Bergen

Basi nikumalizie. Umesema wamesikiliza Peer Gynt ya Grieg, sivyo? Sæverud naye aliitungia muziki tamthilia hiyo hiyo ya Ibsen. Ilikuwa 1948, ukumbi wa Det Norske Teatret, Oslo, mwongozaji Hans Jacob Nilsen. Alitaka kuivua Peer Gynt yale mapambo matamu ambayo watu walikuwa wameyazoea tangu 1876, na muziki wa Grieg ulikuwa sehemu ya utamu huo. Kwa hiyo una hadithi moja, watunzi wawili, na miaka 72 kati yao. Weka sehemu ya mazimwi ya Grieg, wale wa milimani kwenye hadithi hiyo, kisha mara moja weka mazimwi ya Sæverud. Ya Grieg yanatisha kwa raha, unajua yatakuachia. Ya Sæverud yana ufidhuli, yanachechemea, yananuka.

MwlPiano254

Hapo sasa! Na swali lao lilikuwa ni nani baada ya Grieg. Umepata jibu la kupiga mezani.

Tveitt mpe kwaya yenyewe. Ana wimbo Vi skal ikkje sova burt sumarnatta, maneno ya Aslaug Låstad Lygre, unaosema tusiupoteze usiku wa kiangazi kwa kulala. Wanorwei wanauimba kila mahali. Kwa wanakwaya, kuuimba ni kumjua kuliko kumsikiliza.

fidla_Unguja

Kwa wimbo huo nakubali yaishe.

SolfaMoshi

Nimeamua: kikao ni cha Sæverud. Mazimwi mawili kwanza, kisha Rondo amoroso tutaipiga wenyewe, kisha Kjempeviseslåtten. Wimbo wa Tveitt unakwenda kwenye mazoezi ya kwaya. Swali la mwisho kwa Mvua na Mwalimu: hii ya 1943, niwaeleze habari za Wajerumani kabla au baada ya kuisikia?

Mvua_ya_Bergen

Baada. Waambie mwaka tu, 1943, basi. Iishe, waulize huyo aliyetunga alikuwa na nini, ndipo usimulie.

MwlPiano254

Baada, naunga mkono. Na kama kuna mtu wa kuipiga moja kwa moja pale kanisani, mwambie asilikanyage kanyagio la kulia mwanzoni, lile linaloziacha nyuzi ziendelee kulia. Mle ndani lazima pana mwangwi, likikanyagwa mapema mdundo wote wa chini unageuka uji, na vile kiwimbo kinavyoongezeka hakuna atakayesikia.