Nyumba ya mawe ndani ya ngome ya Monemvasia: kipi kitangulie kabla ya kulipa?

JiweLaPwani:
Wakuu, naomba mwongozo. Kuna nyumba inauzwa Monemvasia, mji wa ngome huko Ugiriki, mji wa chini, ndani ya ukuta. Ukubwa mita za mraba 95. Chini ni chumba chenye dari la tao la mawe, na birika la maji ya mvua liko chini ya sakafu yake. Juu vyumba viwili na paa la vigae. Wauzaji ni warithi watatu, mmoja anaishi Australia, na bei ni euro 280,000. Ukuta unaotazama bahari umepigwa lipu ya saruji, inabanduka. Mnunuzi si raia wa Umoja wa Ulaya. Kipi kitangulie, gharama juu ya bei ni kiasi gani, na je, nyumba hii inaweza kumpa mtu kibali cha ukaazi?

MpekuziWaHati:
Mkuu, acha kuta kwanza, anza na warithi. Ugiriki, kuwa mtoto wa marehemu hakukupi uwezo wa kuuza. Kila mrithi awe ameukubali urithi mbele ya mthibitishaji wa mikataba, na hati hiyo iwe imeandikishwa kwenye rejista ya ardhi, Ktimatologio. Kama wa Australia hajafanya hivyo, utakachopata ni theluthi mbili zisizogawanyika, na mwenye theluthi iliyobaki anaweza kwenda mahakamani kudai mgawanyo. Weka wakili wako mwenyewe, asiwe wa wauzaji, afuate mlolongo wa hati miaka 20 nyuma au zaidi. Aangalie pia kama chumba cha chini na birika vimo kwenye hati ileile. Kwenye mji wa nyumba zilizopandana, sakafu ya juu kuwa ya mtu mmoja na ya chini ya mwingine si ajabu.

Kuna na suala la umri wa jengo. Kwa sheria ya mambo ya kale, majengo ya hadi mwaka 1453 ni mali ya Serikali na hayauziki. Ya baada ya hapo hadi 1830 mtu binafsi anaweza kuyamiliki, ila yanalindwa. Kwa hiyo kama kipande cha ukuta kinasemekana ni cha enzi za Bizanti, yaani kabla ya 1453, taka jibu la maandishi kutoka idara ya mambo ya kale ya Lakonia iliyoko Sparta. Neno la dalali halitoshi hapo.

Halafu mhandisi. Bila cheti chake kwamba hakuna ujenzi haramu (sheria 4495/2017) mthibitishaji hasaini. Jengo lililokuwepo kabla ya 30 Novemba 1955 huhesabiwa halali kama lilivyokuwa siku hiyo. Bafu au baraza iliyoongezwa baadaye bila kibali haimo, na ndani ya mji unaolindwa kuihalalisha ni kazi nzito kuliko kwingine.

Gharama: kodi ya uhamisho ni asilimia 3.09 ya bei au ya thamani ya serikali, ile iliyo kubwa. Kwa 280,000 ni euro 8,652, na hulipwa kabla ya kusaini. Wakili na mthibitishaji, kila mmoja kadiria asilimia 1 na kidogo ukijumlisha VAT ya asilimia 24. Uandikishaji karibu nusu asilimia. Dalali kwa kawaida asilimia 2 pamoja na VAT. Ukiongeza mhandisi na mkalimani (asiyejua Kigiriki hasaini bila mkalimani), tenga asilimia 8 hadi 10. Unahitaji namba ya mlipakodi, AFM, na pesa zote zipite benki. Kulipa nyumba kwa fedha taslimu ni marufuku.

Ukaazi: kwa njia ya kawaida, hapana. Eneo lile linadai euro 400,000 na nyumba moja isiyopungua mita za mraba 120. Ipo njia ya euro 250,000 kwa jengo lililoorodheshwa kuwa la kuhifadhiwa ambalo mnunuzi analikarabati, lakini jengo lenyewe liwe na tangazo lake la kuorodheshwa. Kuwa ndani ya ngome hakutoshi. Na nyumba iliyotumika kupata kibali hicho hairuhusiwi kupangishwa kwa watalii wa siku chache. Faini ni euro 50,000.

FundiChokaa:
Hiyo lipu ya saruji ndiyo ugonjwa wenyewe. Chumvi ya bahari huingia kwenye jiwe pamoja na unyevu. Chokaa huuacha unyevu utoke, na chumvi ikaishia kwenye lipu. Saruji huufungia ndani, chumvi inaganda nyuma yake na kulisaga jiwe likawa unga. Ukisikia mlio wa utupu ukigonga, tegemea kupoteza sentimita kadhaa za uso wa jiwe.

Dawa: saruji itolewe kwa patasi ya mkono, bila mashine ya kupiga. Chumvi ipigwe brashi kavu, ukuta uachwe upumue msimu mzima, ndipo lipu mpya. Chokaa iliyolowekwa sehemu 1, mchanga usio na chumvi 2.5 hadi 3, na upande wa bahari ongeza unga wa vigae. Kila koti lisizidi milimita 10 hadi 12, lirushiwe maji siku kadhaa. Usipige lipu jua likiwa kali wala baridi ikishuka chini ya nyuzi 5.

Tao linasukuma kuta kwenda nje. Tafuta ufa unaofuata mgongo wake, na mlango uliotobolewa baadaye kwenye ukuta unaolibeba. Vyuma vya zamani vilivyozikwa ukutani vikishika kutu huvimba na kupasua mawe. Vipya viwe vya chuma kisichoshika kutu, daraja la 316.

Birika usilidharau. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1, kwa hiyo paa la mita za mraba 50 likipata milimita 500 kwa mwaka hutoa lita 25,000, ukitoa hasara sema 20,000. Kulipima kama linavuja: weka alama maji yalipofika, funika, subiri saa 48. Mtu asishuke ndani kabla halijapitishwa hewa. Lipu yake nyekundunyekundu ni chokaa na unga wa vigae. Izibwe nyufa tu.

Usafirishaji ndio unaoharibu bajeti za watu. Magari huishia langoni. Mita moja ya ujazo ya mchanga ni kama kilo 1,600, yaani mifuko 64 ya kilo 25. Nyumbu akibeba minne, ni safari 16, na kifusi hurudi njia hiyohiyo.

JiweLaPwani:
Shukrani sana. Saruji inaweza kubanduliwa kabla ya kusaini, tuone jiwe? Na mji mkongwe wa kisiwa cha Rhodes, hukohuko Ugiriki, je, si rahisi zaidi?

MpekuziWaHati:
Kubandua nako kunahitaji idhini ya idara, hata kipande cha sentimita 30 kwa 30, na mwenye kuomba ni mwenye nyumba. Rhodes imo kwenye orodha ya maeneo ya mpakani, hivyo asiye raia wa Umoja wa Ulaya huomba kibali cha ziada cha kununua. Lakonia haimo.

Kama wauzaji wanaharakisha, saini mkataba wa awali kwa mthibitishaji, arabuni isizidi asilimia 10, na masharti yaandikwe: warithi wote watatu wawe wameandikishwa, cheti cha mhandisi kiwe safi, jibu la idara liwe limetoka. Muuzaji akivunja kwa kosa lake, hurudisha arabuni mara mbili. Mnunuzi akivunja, anaipoteza.